Mpekuzi wa Vitabu

Telesphori hakuwahi kumwamini mwandishi hata mmoja, na hali alikuwa amesoma vitabu vingi kuliko mtu yeyote pale kijijini, ukimwondoa padri. Wengine husoma wapate kufurahi, wengine wapate usingizi. Yeye alisoma ili amkamate mtu. Akipewa kitabu, kwanza alikipima uzito mkononi, akakinusa, akakifungua katikati ghafla, kisha akaguna: "Haya, na huyu ameficha nini?"

Usimcheke. Ujana wake wote uliishia langoni, kwenye mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, kazi yake kupekua watu. Inua mikono! Fungua kinywa! Vua viatu! Aliikuta dhahabu ndani ya nywele, aliikuta chini ya soli, aliwahi kuikuta ndani ya tonge la ugali lililobaki kwenye kopo la chakula. Mgodi ulipofungwa, miaka ile ya sitini, alirudi kwao Ushirombo akalima karanga na muhogo kama watu wengine, lakini ule upekuzi haukumtoka mwilini. Alipekua salamu za wageni. Alipekua mahubiri ya Jumapili. Na kwa kuwa tangu huko kambini alikuwa mpenzi mkubwa wa kusoma, alipekua vitabu.

Ungemsikia mwaka ule wa themanini na moja, akiwa kibarazani na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, magotini, anatoa hukumu juu ya alivyosoma na alivyosikiliza karibuni! Kile cha mpelelezi wa mjini? "Upuuzi. Mwuaji nilimjua tangu alipoingia. Mtu anamkaribisha askari chai mara mbili, ana nini huyo?" Kile cha maisha ya mtakatifu, alichoazimwa misheni? "Kizuri. Ila wanasema alikaa jangwani peke yake akilia usiku kucha. Peke yake! Sasa nani alimwona akilia?" Na hadithi iliyokuwa ikisomwa redioni kila jioni? Hapo ndipo alipochachamaa. "Yule msomaji ana sauti ya mtu anayekuja kuposa. Laini mno. Simwamini." Betri zikafa hadithi ikiwa imefika patamu, dukani hakuna nyingine, mkewe akazianika juani zikapata nguvu ya kuimba wimbo mmoja na nusu, zikafa moja kwa moja. Telesphori akashikilia kwamba watu wa redio wamefanya makusudi.

Tatizo ni kwamba macho nayo yalikuwa yanamwacha. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Aliona mwanga, aliona kivuli cha mtu mlangoni, njia za kijiji alizijua kwa miguu, lakini herufi zilikuwa zimekwisha kuwa ukungu mtupu. Masista wa zahanati walimsihi akubali kupelekwa kupasuliwa. Akakataa katakata. "Mtu aniletee kisu jichoni, na mimi wakati huo sioni anafanya nini? Huo ni ujanja."

Basi akawa anasomewa na mkewe, Paskazia, mama wa Anatoli na wengine watatu waliokwisha kwenda na maisha yao. Paskazia aliolewa hajui hata a. Kambini, walipokuwa wageni katika ndoa, ni Telesphori aliyekuwa akimsomea yeye, jioni baada ya ugali, kwa mwanga wa taa ya kabaidi ya wachimbaji. Walikuwa na kitabu kimoja tu, hakina jalada, alichokitoa kwenye kikapu cha mtu pale langoni na mwenyewe asikidai. Kilikuwa habari za mtu wa nchi za mbali aliyetoka kwenda kumtafuta ndugu yake aliyepotea. Paskazia alikipenda kitabu kile hata leo alikuwa nacho, ndani ya sanduku la bati, chini ya nguo za kanisani. Kusoma mwenyewe alikuja kujifunza ukubwani, kwenye madarasa ya kisomo, akafaulu mtihani, cheti kikatundikwa ukutani.

Mwanzoni alimsomea mumewe kwa taabu, silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Telesphori alimsahihisha, alimkaripia, alimrudisha nyuma. Kisha kiangazi kile, jamani, mambo yakabadilika. Paskazia akaanza kusoma kama maji yanavyotiririka. Hakwami, hakosei, na hadithi yenyewe tamu ajabu: binti mmoja ameolewa mbali, kwenye kambi ya mgodi, hajui mtu, hajui Kiswahili cha wachimbaji, analia akipika.

"Huyu mwandishi anaijua kambi," Telesphori alisema siku za mwanzo, akitikisa kichwa. "Anaijua harufu ya kabaidi. Huyu si wa kusimuliwa, huyu alikuwepo."

"Labda," Paskazia akasema.

Lakini mpekuzi ni mpekuzi. Taratibu akaanza kukusanya vitu vyake. Kitu cha kwanza, uzito. Siku moja Paskazia alikwenda kugeuza muhogo ulioanikwa, Telesphori akakinyakua kitabu akakipima. Chepesi! Kijitabu cha kukunjwa mfukoni. Sasa kijitabu chembamba namna hii kimewezaje kusomwa tangu karanga zilipong'olewa mpaka leo, na bado hakijaisha? Kitu cha pili, kurasa. Mtu akisoma, ukurasa hugeuzwa kwa kiasi. Huyu mara anageuza tatu kwa pupa, mara anasoma habari ndefu mpaka jua linahama na hajagusa karatasi. Kitu cha tatu, ule ufasaha. Umetoka wapi ghafla? Nani anamfundisha, na anafundishwa saa ngapi?

Akanyamaza navyo moyoni. Langoni walijifunza hivyo: ukimshuku mtu usimwoneshe, mwache atembee.

Ndipo ikafika ile jioni. Jua limelegea, kuku wanarudi, Paskazia amekaa kwenye kigoda miguu ameinyoosha, anasoma. Yule binti wa kwenye hadithi sasa ameshakuwa mama. Mumewe ni mpekuzi wa langoni. Adhuhuri amempelekea chakula, mtoto yuko mgongoni, ana homa. Bwana mkubwa wa zamu amesimama pembeni anaangalia, maana kuna maneno kwamba wake za wapekuzi wanatorosha dhahabu.

"'Mume akamwambia mkewe mbele ya watu wote,'" Paskazia akasoma, sauti yake haina kupanda wala kushuka, "'inua mikono. Mke akadhani ni utani, akacheka. Hakuna aliyecheka naye.'"

Telesphori akaacha kutafuna.

Hapa lazima nikwambie jambo. Habari ile kijiji kizima kiliijua, kwa sababu Telesphori mwenyewe aliisimulia kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza. Ilikuwa ndiyo sifa yake kuu duniani. "Mimi," angesema kilabuni, akijipiga kifua, "mimi hata mke wangu nilimpekua! Mchana kweupe! Kazi ni kazi!" Watu wangepiga makofi, wangesema huyo ndiye mwanamume. Siku ile ilimpandisha cheo akawa nyapara wa lango. Aliisimulia hata nyumbani, wageni wakiwa mezani, na Paskazia anawapakulia mboga.

Kwa hiyo kusikia imo kitabuni hakukumshtua sana mwanzoni. Mtu ameisikia kilabuni akaiandika, mwizi mkubwa. Kilichomshtua ni yaliyofuata.

"'Akamfungua khanga ya mgongoni. Mtoto akawekwa chini kwenye kokoto, juani. Akampapasa kiunoni, uzi wa shanga ukakatika. Shanga zikamwagika chini. Wanaume waliokuwa mstarini wakaangua kicheko, mmoja akainama akaokota ushanga mmoja akautia mfukoni. Mwanamke yule mikono yake ilikuwa bado iko juu, maana hakuna aliyemwambia aishushe.'"

"Funga," akasema Telesphori.

"Nini?"

"Funga hicho kitabu. Nani amekiandika?"

Paskazia akakigeuza kitabu. "Jina limefutika."

"Limefutika! Kitabu kizima, jina ndilo lililofutika!"

"Nimwulize nani, Baba Anatoli? Limefutika."

Shanga. Za shanga hakuwahi kusimulia, si kilabuni wala popote. Si kwamba aliona haya, la, alikuwa amezisahau kabisa, na sasa alizisikia zikigonga kokoto. Kwa hiyo mwandishi hakuisikia kilabuni. Alikuwa mstarini siku ile, kwa macho yake. Telesphori akaanza kuwaita wale watu mmoja mmoja kichwani, wote aliowahi kuwakamata, wote wenye kinyongo. Yupi kati yao alijua kuandika?

Kesho yake, mkewe alipotoka shambani na kunawa miguu, akamwambia, "Soma tena pale pa lango."

"Si nilisoma jana?"

"Soma tena."

Hivyo ndivyo walivyofanya mgodini. Ukimshuku mtu, mrudishe, mpitishe upya, utaona anapokanyaga vibaya. Paskazia akasoma. Na kweli, akakanyaga. Safari hii wanaume wawili waliinamia ushanga ule ule wakagombana.

"Jana alikuwa mmoja."

"Jana niliruka mstari," Paskazia akajibu haraka, "nilikuwa nimechoka. Sasa nisome mbele au niende zangu nikasonge ugali?"

"Soma mbele."

Akasoma. Jioni ya siku ile ile mwanamke wa hadithini akamwambia mumewe: nimeletewa habari kwamba mama ni mgonjwa sana, naomba ruhusa nikamwuguze. Mume akampa ruhusa na nauli ya lori. "'Lakini mama yake alikuwa mzima,'" akasoma Paskazia, "'alikuwa shambani anapalilia. Mwanamke yule alikuwa ameondoka asirudi.'"

Telesphori akapasuka kwa kicheko, akajipiga paja. "Lo! Mpumbavu kweli huyo mwanamume! Anapekua watu mpaka meno, mkewe anamtoroka mbele ya macho na nauli anampa yeye! Mama mkwe mzima kabisa..."

Kicheko kikakatika.

Maana alikumbuka. Wiki ile ile ya lango, Paskazia alipanda lori na Anatoli mchanga mgongoni kuja huku Ushirombo kumwuguza mama yake, akakaa masika mazima. Yeye mwenyewe alimsindikiza mpaka kwenye lori. Na mama mkwe yule aliishi mpaka uzee wa kutembelea fimbo mbili, na katika habari zote alizopenda kusimulia za magonjwa yake, masika yale hayakuwemo.

Paskazia akafunga kitabu, akaenda jikoni. Telesphori akabaki kibarazani, anapekua kichwani. Habari ya lori haikujulikana na mtu wa mstarini hata mmoja. Aliijua Paskazia peke yake. Basi Paskazia amemwambia mtu, na mtu huyo ameandika. Siri za nyumba yake ziko kwenye karatasi, zinaazimwa watu! Na ni mtu gani hapa kijijini anayeandika? Ni mtu gani anayekaa na Paskazia, anayempa vitabu, anayemfundisha kusoma kwa ufasaha wa ghafla?

Mwalimu Valerian. Nani mwingine! Kijana wa shule ya msingi, ndiye aliyesimamia kisomo, ndiye mwenye ufunguo wa maktaba ya kijiji, na kila sikukuu ya taifa watoto walighani ngonjera alizotunga yeye. "Mtunzi!" Telesphori akajisemea kwa uchungu. "Mtunzi, naye kumbe anachota kwangu." Alikasirika, ndiyo, lakini chini ya hasira ile palikuwa na kitu kilichomwuma zaidi: kama habari ile ni ya kweli, basi mkewe aliwahi kumwacha, na yeye aliishi na hilo miaka yote hiyo bila kujua. Na kama aliondoka asirudi, mbona alirudi? Na je, moyo wake ulirudi naye?

Asubuhi Paskazia alipokwisha kwenda shamba, Telesphori akavaa koti lake la mgodini, akashika fimbo, akafuata njia. Maktaba ilikuwa chumba kimoja kando ya ghala la pamba. Alimkuta Valerian anafagia.

"Shikamoo, Baba Anatoli."

"Marahaba. Weka ufagio chini."

Valerian akauweka. Telesphori akasimama mlangoni, akauziba, kama zamani.

"Mwalimu, mimi ni mtu mzima, sitaki kuzungushwa. Mke wangu na wewe mnazungumza nini?"

"Mimi na mama?" Kijana akashangaa. "Vitabu tu, mzee."

"Vitabu gani? Hicho alichonacho nani amekiandika? Sema ukweli. Ni wewe?"

"Mimi?" Valerian akacheka, akaona uso wa mzee, akaacha kucheka. "Mimi sijaandika kitabu, Baba Anatoli. Na kile alichonacho mama ni cha wataalamu wa kilimo. Ni cha wadudu wa pamba."

"Nini?"

"Wadudu waharibifu wa pamba. Namna ya kuwatambua na dawa za kupulizia. Amekaa nacho tangu mavuno, wala sijamdai, hakuna mwingine anayekitaka."

Telesphori akashika mwimo wa mlango.

"Hadithi zilikwisha, mzee," Valerian akaendelea, sasa kwa upole, maana alianza kuelewa kwamba kuna kitu. "Sanduku la vitabu toka wilayani halikuja msimu mzima. Zilibaki habari za pamba, kuku na kuchimba vyoo. Nilimwambia mama, hadithi hakuna, rudi baadaye. Akasema mzee wangu hatakubali kukaa bila kusomewa, atasononeka. Akasema nipe chochote chenye karatasi."

Nipe chochote chenye karatasi! Telesphori alisimama pale muda, mdomo wazi, na kama ungemwambia afungue kinywa akaguliwe asingekuwa na haja ya kukifungua. Wadudu wa pamba. Yaani yule binti anayelia akipika, ile harufu ya kabaidi, zile shanga, lile lori, vyote vilitoka pale pale kwenye kigoda, mbele yake, na yeye mpekuzi mkuu alikuwa anamtafuta mwandishi Geita.

"Bahati nzuri sanduku jipya limefika juzi," Valerian akasema, akitaka kumfurahisha. "Mama bado hana habari. Hebu chukua hiki, hadithi tupu, ina kurasa nyingi."

Akakitia mkononi mwake. Kizito, kizuri, kinanuka wino mpya. Telesphori hakujua afanye nini nacho. Akikipeleka nyumbani na kusema, haya, kitabu cha kweli hiki hapa, basi kile kingine kimekwisha, na yule mwanamke atabaki kwao milele, na yeye hatajua kilichomrudisha. Akikikataa, kijana atauliza kwa nini. Akakitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni, akaaga.

Njiani jua lilimchoma. Alikuwa anaona haya, na haya si kitu alichokizoea. Miaka yote ile kilabuni, makofi yale yote. Na Paskazia anapakua mboga, anasikia.

Alimkuta amesharudi, amekaa kibarazani anabangua karanga.

"Umetoka wapi, Baba Anatoli?"

"Kunyoosha miguu."

"Na koti lote hilo kwenye jua hili? Umefunga mpaka shingoni." Karanga zikaacha kulia kwenye ungo. "Umebeba nini?"

"Sijabeba kitu."

Paskazia akainuka, akaweka ungo chini, akaja akasimama mbele yake. Telesphori aliona kivuli chake tu. Hapo ndipo mwanamke yule, ambaye katika ndoa nzima hakuwahi kumwinulia mumewe sauti, akasema, "Inua mikono."

Nadhani alianza kwa utani. Lakini neno lilipokwisha kutoka, hakuna aliyecheka. Telesphori akaiangusha fimbo, akainua mikono juu, yote miwili. Paskazia akampapasa mfuko wa kushoto, akampapasa wa kulia, akafungua vifungo kimoja kimoja bila haraka, akachomoa kitabu kutoka kifuani. Akasoma jalada. Alisoma taratibu, silabi moja moja, kama alivyosoma siku zote.

"Umekwenda kwa mwalimu," akasema.

"Nimekwenda."

"Amekwambia."

"Ameniambia. Wadudu wa pamba."

Paskazia akasema kwa sauti ndogo, "Shusha mikono, watu wanapita barabarani."

"Waache wapite. Wewe nilikuacha mikono juu mpaka lini?"

"Mpaka mtoto alipoanza kutapika," akasema. "Ndipo nikajishushia mwenyewe."

"Nisamehe, Paskazia."

Paskazia alisema kwa hasira iliyokaa ndani muda mrefu hata imekuwa ngumu. "Lile la lango nilikwisha kulimeza. Kazi ilikuwa kazi, bwana mkubwa alikuwa anaangalia, ungefukuzwa. Lakini kulisimulia! Kila mwaka! Mbele ya wakwe, mbele ya watoto wangu, unacheka! Hukuniuliza hata siku moja, Paskazia, wewe ulionaje. Nikasema basi, kwa kuwa huyu mtu hamsikilizi mkewe ila anasikiliza vitabu, nitamsomea."

"Nimesikia," Telesphori akasema. Mikono ilikuwa imemchoka sasa, ni mzee yule, lakini hakuishusha. "Nimesikia, mama. Sitalisimulia tena. Hicho cha mwalimu rudisha. Mimi nataka kile cha pamba."

"Cha nini, na umeshajua?"

"Mwanamke yuko kwao, mama yake anapalilia, hajafika mwisho. Alikuwa ameondoka asirudi. Mbona alirudi?" Hapo shaka yake ya zamani ikamrudia, akauliza kama mtu anayeogopa jibu. "Alirudishwa na wazazi? Walimwambia vumilia?"

"Hakuna aliyemrudisha. Baba alisema kaa hapa, shamba lipo."

"Sasa?"

Paskazia akakaa kwenye kigoda chake. Hakuchukua kitabu chochote.

"Ulikuwa hujanimalizia kile kitabu," akasema. "Cha mtu anayemtafuta ndugu yake. Tulikuwa tumebakiza kidogo, halafu ikatokea siku ile ya lango, nikaondoka. Kule nyumbani nikawa kila jioni nawaza, je, alimpata? Nilikuchukia, sikufichi. Lakini hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwuliza. Nikapanda lori. Nikasema nikisikia mwisho nitaondoka tena."

"Nikakusomea."

"Ukanisomea, siku ile ile niliyofika. Ukasema alimkuta ndugu yake stesheni ya Isaka, anapakia magunia ya pamba kwenye behewa, wakakumbatiana, wakarudi nyumbani pamoja, na mama yao alikuwa bado yuko hai."

Telesphori akaguna. Sikio lake lilikuwa limenasa kitu.

"Nilipofaulu kisomo," Paskazia akaendelea, "kitu cha kwanza nilikwenda kwenye sanduku la bati. Nilikisoma chote, ilinichukua kiangazi kizima. Kitabu cha nchi za baridi, Baba Anatoli, watu wanatembea kwenye theluji. Isaka ya kwetu ilifikaje humo? Na kurasa za mwisho hazimo. Zilichanwa zamani, hata uzi wa kushonea kurasa unaonekana. Hakuna mahali anapompata."

Kuku walikuwa wamefikia zile karanga kwenye ungo, wanadonoa, na hakuna aliyewafukuza.

"Ulijua miaka yote hiyo," Telesphori akasema, "na hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa mwisho mzuri. Haya, shusha mikono."